Je, wajua? Shokomzoba haibebi mzigo

Shokomzoba, ambayo mafundi wengi wa gereji huiita kwa kifupi shokapu, ni miongoni mwa vipuri vya pikapu vinavyonunuliwa mara nyingi na kueleweka mara chache, kwa kuwa wenye magari wengi hudhani kwamba kazi yake ni kubeba uzito, na pikapu yao inapolala nyuma kwa mzigo wa saruji au mahindi hukimbilia dukani kutafuta shokomzoba ngumu zaidi. Ukweli ni kwamba uzito hubebwa na springi, ambazo kwa upande wa nyuma wa pikapu nyingi ni springi za bapa, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwenye ekseli. Shokomzoba zikiondolewa zote, gari litasimama karibu katika kimo kilekile, ila litakapopita juu ya tuta litanesa na kuendelea kunesa, kwa sababu springi haimalizi nguvu iliyopokea bali huihifadhi na kuirudisha.

Kumaliza nguvu hiyo ndiyo kazi ya shokomzoba. Ndani yake mna silinda iliyojaa oili na pistoni yenye matundu madogo yanayolindwa na valvu, ambazo kwa kawaida ni visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda oili inapovisukuma. Gurudumu linapopanda au kushuka, oili hulazimika kupenya humo kwa shida, na mwendo wa gurudumu hugeuka kuwa joto linalopotelea hewani. Katika shokomzoba nyingi ukinzani wa kurefuka ni mkubwa kuliko ule wa kufupika, kwa kuwa gurudumu linalokutana na jiwe linapaswa kuachiwa lipande upesi, ilhali springi iliyokwisha kubanwa inapaswa kuzuiwa isirudi kwa kishindo.

Sokoni kuna aina kuu mbili. Ile ya silinda mbili ina silinda ya kazi iliyowekwa ndani ya nyingine ya akiba, ambamo oili ya ziada hukaa pamoja na hewa au gesi yenye shinikizo dogo. Ile ya silinda moja, iliyobuniwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kuanza kufungwa na Bilstein katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957, hutenganisha oili na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa kwa kutumia pistoni ya pili inayoelea. Tofauti hiyo huonekana wazi katika barabara ya vumbi yenye vijituta vilivyopangana. Ikiwa umbali wa kutoka kijituta kimoja hadi kingine ni kati ya nusu mita na mita moja, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupigwa takriban mara 17 hadi 33 kila sekunde, na kwa kasi hiyo oili iliyochanganyika na hewa hufanya povu, na povu halina ukinzani wa maana. (Vijituta vyenyewe, kama walivyoonyesha wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine mwaka 2007, huweza kutokea hata pale ambapo gurudumu linalopita halina springi yoyote, mradi mwendo uvuke kiwango fulani.)

Silinda moja hupoa haraka na haifanyi povu kwa urahisi, lakini ina udhaifu ambao wauzaji hawautaji sana: ukuta wake ndio njia ya pistoni, hivyo jiwe likiubonyeza, pistoni hukwama. Shokomzoba ya silinda mbili yaweza kubonyea nje na kuendelea kufanya kazi. Kwa pikapu inayopita kwenye makorongo yenye mawe yanayorushwa na matairi, aina hii ya zamani yenye pistoni kubwa haipaswi kudharauliwa, maana pistoni ya kipenyo cha milimita 35 ina eneo karibu mara mbili ya ile ya milimita 25, na hupata ukinzani uleule kwa shinikizo dogo zaidi.

Hata hivyo, suala gumu kuliko yote ni mzigo. Fizikia huonyesha kwamba kiasi cha ukinzani kinachohitajika kutuliza gari hutegemea kipeuo cha pili cha ugumu wa springi ukizidishwa kwa uzito uliobebwa. Kwa hiyo uzito wa nyuma ukiongezeka mara tatu, shokomzoba ileile hubakiwa na takriban asilimia 58 tu ya uwezo wake wa kutuliza ukilinganishwa na pale bodi lilipokuwa tupu. Shokomzoba inayofaa tani moja ya mchanga itafanya gurudumu lirukeruke na kupoteza mshiko bodi likiwa halina kitu. Mwenye gari hana budi kuamua kwanza pikapu yake hubeba nini siku nyingi za mwaka, kisha ndipo aulizie chapa. Na aliyeongeza bamba kwenye springi, kama ilivyo desturi ya wasafirishaji wengi, ameongeza pia nguvu ya kurudi, ambayo shokomzoba za kiwandani hazikupangiwa. Anahitaji zenye ukinzani mkubwa zaidi wa kurefuka.

Springi hizo zikiinua gari, urefu nao hubadilika. Shokomzoba iliyo fupi mno huvutwa hadi mwisho na kung'oa vishikizo vyake, na iliyo ndefu mno hugota kabla ekseli haijafikia kizuizi cha mpira kilichopo chini ya chasisi, kwa hiyo vipimo huchukuliwa ekseli ikining'inia na pia ikiwa imebanwa.

Jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuhesabu minesuko halitoshi kwa pikapu, kwani msuguano wa mabamba huficha shokomzoba iliyokufa. Oili inayochuruzika na tairi linaloliwa kwa mabonde ni dalili bora zaidi. Shokomzoba hubadilishwa jozi kwa kila ekseli. Mpya ya silinda mbili husimamishwa wima na kupampiwa kwa mkono mara kadhaa, hadi ule mruko mtupu unaosikika mwanzoni mwa kila msukumo upotee, ishara kwamba hewa imetoka kwenye silinda ya kazi. Boliti za bushi hukazwa mwisho, jeki ikiwa imeshateremshwa na gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kwa kuwa bushi iliyokazwa ekseli ikining'inia hubaki imesokotwa muda wote na mpira wake huchanika mapema.