Ini na Mafuta Yake: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza kazi za ini. Leo, tukiwaelekea hasa wasomaji wetu wa Mutakura na mitaa jirani ya kaskazini mwa Bujumbura, twataka kuichambua dhana moja yenye nguvu, nayo ni kwamba mtu aambiwapo na tabibu kuwa ini lake limeingia mafuta, basi mkosa ni kolesteroli ya chakulani, na dawa ni kuyahama mayai.

Ifahamike kwanza kwamba kolesteroli si sumu. Mwili huihitaji ili kujengea kuta za chembe zake, na kufanyia homoni na nyongo. Na sehemu kubwa ya iliyomo damuni haikutoka sahanini, bali imetengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa mbele katika kazi hiyo, nalo aghalabu hupunguza utengenezaji wake mtu alapo nyingi. Ndiyo sababu washauri wa lishe wa Marekani, mwaka 2015, waliuondoa mpaka wao wa zamani wa miligramu 300 kwa siku, ilhali kiini cha yai moja hukaribia miligramu 200.

Mafuta yanayolilemea ini ni ya jinsi nyingine, yaitwayo trigliseridi, na yakizidi sehemu 5 katika 100 za uzani wake, huo huhesabiwa kuwa ugonjwa. Asili yake ni israfu: soda zenye sukari nyingi, wanga uliopita haja ya mwili usiofanya kazi, na pombe. Mtu akaaye jioni mbele ya brosheti za mbuzi na chupa za Primus za sentilita 72, kisha akajisifu kuwa hagusi mayai, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Na mawese yetu ya Rumonge, je? Hayana kolesteroli ya kutajika, maadamu yatoka katika mti. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, ambayo huiongeza kolesteroli ya damuni kuliko lifanyavyo yai. Tena huko Uppsala, Uswidi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, vijana wembamba walizidishiwa chakula kwa majuma saba kwa keki, wengine za mawese na wengine za mafuta ya alizeti. Wote walinenepa sawasawa, lakini ini la wale wa mawese ndilo lililoongezeka mafuta zaidi. Basi hatusemi yaachwe, bali yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe.

Ugonjwa huu hukaa kimya miaka mingi, na ukiachwa waweza kulifanya ini kuwa gumu na kusinyaa. Lakini mnene apunguzapo sehemu 7 hadi 10 katika 100 za uzani wake, mafuta ya ini hupungua kwa dhahiri. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiogope yai. Kula ndagala, maharage na lengalenga, nenda kwa miguu, punguza soda, na bia iache kabisa ikiwa ini lako limekwisha kuguswa.