Kompyuta ya komite inapoanza kugonga: tuokoe orodha kwanza



Katika Kalehe, toka Minova hadi Bunyakiri, kuna komite zinazotunza kazi yao yote ndani ya kompyuta moja ya mkononi, tena kuukuu. Humo mna orodha za familia, majina ya watoto waliotengana na wazazi, na mapatano ya mipaka ya mashamba. Diski ikifa, ugomvi uliokwisha kuamuliwa unaweza kufufuka, kwa kuwa hakuna tena hati ya kuonyeshana.

Diski ya kompyuta za zamani ni sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachozisoma bila kuzigusa. Kwa hiyo pikipiki ni adui yake. Ukifunga kifuniko tu bila kuzima, huenda bado inazunguka wakati unashuka na mashimo ya barabara ya Bukavu. Adui mwingine ni umeme wa jenereta unaokatika ghafula, hasa betri ikiwa imechoka.

Dalili zake: kuganda, hati kupotea, mlio wa tak-tak. Uzito wa kufungua peke yake si ushahidi, maana virusi nao hufanya hivyo. Programu ya bure CrystalDiskInfo hupima afya ya diski. Ikionyesha njano au nyekundu, msingoje.

Ikiwa diski bado inasomeka, nakilini kwenye flashi zile hati zisizoweza kuandikwa upya. Nyimbo na filamu zingoje. Msianze na programu ya kutengeneza diski, kwa sababu inaichosha na kuandika juu yake, na inaweza kumaliza kilichobaki. Windows ikikataa kufunguka, fundi awashe kompyuta kwa flashi yenye Linux, anakili diski nzima kwa ddrescue kwenye diski nyingine isiyopungua ukubwa. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu nzima, halafu hurudia zile mbovu.

Ikiwa inagonga, zimeni mara moja. Msiipige, msiiweke kwenye friji (ushauri huo unapendwa sana!), wala msiifungue sahani zake; vumbi kidogo latosha kuiua. Ikiwa haionekani kabisa na iko kimya, zimeni, toeni betri, mchomoe diski na kuirudisha vizuri. Mara nyingine ni kiungio tu kilicholegea.

Mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 kule Bushushu na Nyamukubi yalibeba nyumba na vilivyomo. Basi flashi ya nakala isilale nyumba moja na kompyuta. Lakini majina ya wahamishwa ni hatari yakifika mikononi mwa wenye silaha: yafungwe kwa neno la siri, kwa mfano na VeraCrypt, na neno hilo lijulikane na watu wawili.

Diski mbovu nayo msiiuze sokoni, kwani fundi mwingine aweza kuisoma. Mkishahakikisha kwamba nakala zinafunguka, ivunjwe mbele ya komite.