Picha na mchoro: kuhifadhi kumbukumbu za nyumbani

Vita, pamoja na moto wa volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, viliacha familia nyingi za Goma na vijiji vya jirani bila picha za nyumbani. Lakini kumbukumbu zinaweza kukusanywa tena.

Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, anatuonyesha njia. Mwaka 2006 aliweka picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga juu ya picha mpya za viwanda vilivyochakaa. Mwaka 2011 aliunganisha picha za François Michel na michoro ya rangi ya Léon Dardenne, wote wa msafara wa Charles Lemaire huko Katanga, 1898–1900. Humo tunaona wenyeji na nchi yao kwa macho ya wageni.

Sisi tujieleze wenyewe. Bandikeni picha iliyobaki katikati ya karatasi kubwa. Pembeni, kila mmoja achore kinachokosekana: njia, shamba, kisima, soko. Wazee waandikishe majina na miaka. Kama hakuna picha, anzeni na mchoro.

Viongozi, angalieni: mchoro wa upande mmoja unaweza kuamsha ugomvi wa mashamba. Waiteni na majirani wa kabila lingine wachore walipoishi. Msimlazimishe aliyeumia, wala msionyeshe picha ya mtu bila ruhusa yake. Watoto wakiona nyumba za pande zote kwenye karatasi moja, watajua kwamba watu hao walichota maji kisima kimoja.