Chakula na Utamaduni Mjini Bologna: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwanafunzi wa Kitanzania Anayekwenda Kusoma Italia

Mji wa Bologna, uliopo kaskazini mwa Italia, unajulikana kwa majina matatu ya sifa: Msomi, Mnene na Mwekundu. Usomi unatokana na chuo kikuu chake, ambacho kwa mapokeo kinahesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088 na kutajwa kuwa kikongwe kuliko vyote katika nchi za Magharibi. Unene ni sifa ya wingi wa vyakula vyake, na wekundu ni rangi ya matofali na vigae vya majengo yake.

Kijana wa Kitanzania anayepata nafasi ya kusoma mjini humo huvutwa na sifa ya kwanza. Hata hivyo, namna atakavyokula na atakavyoishi na wenyeji ina uzito mkubwa katika kumaliza masomo yake. Mwaka mmja wa masomo katika vyuo vikuu vya Italia una krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Mwenye ufadhili unaotolewa kwa kuzingatia kipato cha familia hutakiwa kufaulu idadi maalumu ya krediti; asipoifikia anaweza kufutiwa ufadhili na kutakiwa kurejesha fedha alizokwisha kupokea. Mwanafunzi anayeshinda na njaa, au anayejifungia chumbani kwa upweke, yumo katika hatari ya kupoteza nafasi hiyo.

Chakula ni sehemu ya ufadhili

Ibara ya 34 ya Katiba ya Italia inatamka kuwa wanafunzi wenye uwezo na bidii, hata wasipokuwa na mali, wana haki ya kufikia ngazi za juu kabisa za elimu. Kwa msingi huo, kila mkoa una huduma ya kuwasaidia wanafunzi. Katika mkoa wa Emilia-Romagna, ambao makao yake makuu ni Bologna, huduma hiyo husimamiwa na taasisi ya ER.GO, na wanafunzi kutoka nje ya Italia nao wanaruhusiwa kuomba. Anayekubaliwa anaweza kupata fedha za kujikimu, nafasi katika hosteli na nafuu ya bei ya chakula katika migahawa ya wanafunzi.

Jambo ambalo familia nyingi huchelewa kulifahamu ni kwamba maandalizi ya ombi hilo huanzia nyumbani. Mwombaji hutakiwa kuwasilisha nyaraka zinazoonesha idadi ya wanafamilia, kipato chao na mali walizonazo, zikiwa zimetolewa na mamlaka za nchi yake, zimetafsiriwa kwa Kiitaliano na kuthibitishwa. Maombi hupokelewa kwa njia ya mtandao, na tarehe ya mwisho hutangazwa kila mwaka. Mzazi anayesubiri mtoto asafiri ndipo aanze kutafuta nyaraka hizo anaweza kukuta muda umekwisha, na mwanafunzi akalazimika kujilipia kila mlo kwa bei kamili.

Ratiba na desturi za mezani

Waitaliano hula kifungua kinywa chepesi, kwa kawaida kahawa na andazi tamu. Chakula cha mchana huliwa kati ya saa sita na nusu na saa nane, na cha usiku kuanzia saa moja na nusu au saa mbili. Kati ya nyakati hizo majiko ya migahawa mingi hufungwa, hivyo mwanafunzi anayetoka darasani saa tisa bila kula anaweza kukosa mlo kamili hadi usiku.

Kahawa inayonywewa kwa kusimama kaunta kwa kawaida huwa nafuu kuliko inayoletwa mezani. Aidha, migahawa mingi hutoza ada ndogo ya meza kwa kila mteja, ambayo huoneshwa kwenye orodha ya vyakula. Si vibaya kuisoma orodha hiyo mpaka mwisho kabla ya kuagiza.

Kwa wasiokula nyama ya nguruwe

Bologna ndiyo asili ya mortadella, ambayo ni nyama ya nguruwe iliyosagwa na kupikwa. Tortellini, vifungo vidogo vya unga vinavyopikwa katika supu, hujazwa nyama ya nguruwe, jibini na kungumanga, kiungo ambacho Zanzibar inakifahamu vyema. Mchuzi wa nyama uitwao ragù, unaoliwa na tambi bapa za tagliatelle, huonekana kuwa wa ng'ombe pekee, lakini mapishi yake ya asili yana mafuta ya nguruwe na mvinyo. Hata baadhi ya mikate ya eneo hilo hukandwa kwa mafuta hayo. Mbadala wake ni tortelloni, kubwa kidogo kuliko tortellini, ambazo kwa kawaida hujazwa jibini laini na majani. Pamoja na hayo, ni vyema kuuliza juu ya mchuzi wake kabla ya kula.

Kupika mwenyewe

Njia ya nafuu zaidi ni kupika. Mboga na matunda hupatikana katika soko la Mercato delle Erbe, katikati ya mji. Mtaa wa Bolognina, nyuma ya kituo kikuu cha treni, una maduka ya wahamiaji kutoka mataifa mbalimbali, yakiwemo ya nyama halali. Anayetamani ugali hatapotea: polenta, chakula cha miaka mingi cha kaskazini mwa Italia, hupikwa kwa unga wa mahindi, japo aghalabu ni wa njano na huwa laini zaidi.

Msafiri akumbuke kuwa sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka nchi kama Tanzania kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa. Nyama kavu na samli vitachukuliwa mpakani.

Utamaduni bila gharama kubwa

Programu nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini maisha ya sokoni na ofisini ni ya Kiitaliano. Kituo cha Lugha cha Chuo Kikuu cha Bologna hutoa mafunzo ya lugha hiyo, na mwanafunzi anayejiandikisha mapema hupata lugha pamoja na marafiki.

Maktaba ya Salaborsa, kando ya uwanja wa Piazza Maggiore, haina kiingilio. Katika majira ya kiangazi, filamu huoneshwa bure usiku katika uwanja huo huo. Makumbusho ya taifa, ikiwemo Pinacoteca Nazionale yenye michoro ya kale, hayatozi kiingilio Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mabaraza ya Bologna, ambayo ni njia za waenda kwa miguu zilizoezekwa zenye jumla ya kilomita 62, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021. Kutembea humo, kwenye jua au mvua, hakuhitaji senti.

Familia zenye vijana wanaojiandaa kwenda Bologna zinashauriwa kuanza kukusanya nyaraka za kipato na mali mara tu maombi ya chuo yanapowasilishwa, bila kusubiri majibu. Mwanafunzi naye, katika wiki zake za kwanza, afuatilie huduma ya chakula, ajiandikishe katika mafunzo ya lugha na ajiunge na shughuli za wenzake kabla ya mitihani kumbana.