Mto Uitwao Mto

Ni ada yetu sisi walimu wa isimu kwamba hata tukienda matembezini masikio hayapumziki. Mwaka jana, baada ya kongamano moja mjini London, nilibakiwa na siku moja tupu, nikajiunga na watalii katika basi lililotupeleka Stonehenge, Salisbury na Bath.

Stonehenge tulilakiwa na upepo mkali. Mawe makubwa ya pale, ambayo kwa wastani yana uzani wa zaidi ya tani 20 kila moja, yalisimamishwa yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo. Mengi ya yale madogo yalitoka milima ya Preseli huko Wales, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Mwelekezi wetu, kijana mwenye bashasha, alituambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya Waingereza wa kale. Nilijizuia nisinyoshe mkono kama mwanafunzi. Watu ambao lahaja zao zilizaa Kiingereza walianza kuhamia kisiwani humo katika karne ya 5 baada ya Kristo, wakayakuta mawe yamekwisha kusimama kwa miaka ipatayo 3,000. Lugha ya wajenzi wenyewe ilipotea bila kuandikwa.

Kanisa kuu la Salisbury lina mnara wa mita 123, mrefu kuliko minara yote ya makanisa ya Uingereza. Hata hivyo, kilichonipandisha basi ni karatasi ya ngozi iliyohifadhiwa humo: nakala moja kati ya nne zilizosalia za Magna Carta ya mwaka 1215. Watu waliinama kuitazama kwa unyenyekevu. Imeandikwa kwa Kilatini. Zama hizo makabaila walizungumza Kifaransa, na Kiingereza kikaachiwa wakulima na watwana. Hata sheria ya mwaka 1362, iliyoamuru kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa!

Nilisimama pale kwa muda mrefu. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilivishwa ubao shingoni kutwa nzima kwa kosa la kumwomba mwenzangu kalamu kwa lugha ya mama. Mwalimu aliyenivisha hakuwa mkatili. Aliamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba ziko lugha zilizoumbwa kwa ajili ya elimu na nyingine kwa ajili ya kuitana malishoni. Nilimkumbuka pia mwanafunzi wangu aliyeniuliza darasani iwapo Kiswahili si Kiarabu kilichochakaa. Laiti angalikuwa nami! Maneno ya Kiingereza yenye maana ya mahakama, hakimu na haki yalitwaliwa kutoka Kifaransa. Haya yetu matatu, msomaji, yametoka Kiarabu. Nani basi amcheke mwenziwe?

Alasiri tulifika Bath, ambako maji ya moto hububujika yenyewe kutoka ardhini. Warumi walijenga hamamu hapo, wakamheshimu mungu wa kike Sulis Minerva, mwenye jina nusu la Kikelti na nusu la Kilatini. Katika chemchemi hiyo vilipatikana vibamba 130 hivi vya madini ya risasi, ambavyo vingi vina maapizo dhidi ya wezi wa majoho na vitu vidogo vidogo. Kilatini chake ni cha mitaani, chenye tahajia ambayo ningeipigia mistari mekundu. Nami niliipenda kuliko nguzo zote, kwa kuwa inadokeza jinsi watu walivyotamka.

Mto unaopita Bath unaitwa Avon. Unaopita Salisbury nao ni Avon, ilhali ni mito miwili mbalimbali. Katika lugha ya Kikelti ya wenyeji wa kale neno hilo lilimaanisha mto tu, na watu wa Wales hadi leo husema *afon*. Yamkini wageni waliuliza, wakajibiwa, wakadhani wametajiwa jina.

Tulipokuwa tukirejea basini nilimwuliza mwelekezi maana ya Avon.

"Halina maana, bwana," akanijibu kwa upole. "Ni jina tu."