"Alifuata Nini Pale?" Swali Linalomliza Mfiwa Mara Mbili

Sisi watu wa Moshi kwa misiba hatujambo. Ukifiwa hapa Majengo, kabla jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vimepangwa, kina mama wako kwenye masufuria na mtu ameshakamata daftari la michango. Marehemu akiwa Mchaga, kamati inatafuta gari la kupandisha mwili mlimani akazikwe kihambani kwao, iwe Marangu, Kibosho au Machame. Akiwa Mwislamu, kaburi linachimbwa upesi na majamvi yanatandikwa. Hata yule ambaye hamsalimiani atakuja. Kwa mikono tuko vizuri. Tatizo, jamani, ni midomo.

Kumbuka Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020. Hapa hapa Majengo, uwanjani, watu walikusanyika kwenye mkutano wa maombi. Jioni, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako, watu wakasukumana, wengine wakaanguka na wenzao wakapita juu yao. Watu 20 walikufa na 16 wakajeruhiwa. Rais wa wakati huo, John Magufuli, alituma rambirambi, na nchi nzima ikaizungumzia Majengo.

Mimi naishi mtaa huu, na mengi niliyoyasikia sokoni, saluni na kwenye daladala hayakuwa pole. "Alifuata nini pale?" "Hivi hawana akili?" Yapo maswali ya haki: mkutano uliandaliwaje, watu wangetokea wapi, usalama ulikuwaje. Hayo waulizwe wahusika. Ila kumuuliza mtu ambaye jana tu ametoka kumtambua mama yake mochwari, hilo ni jambo jingine kabisa.

KWA NINI TUNAULIZA?

Siyo roho mbaya tu, mara nyingi ni woga. Nikishajua kwamba fulani amekufa kwa ujinga wake, basi mimi mwenye akili niko salama. Ndiyo maana kila marehemu tunamfanyia upelelezi. Kagongwa na pikipiki? Alikuwa amelewa? Kafa kwa uzazi? Kliniki alihudhuria? Na aliyejiua ndiyo usiseme, hata pole inatolewa kwa kunong'ona.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi nafasi: mtu amefiwa kweli, lakini wanaomzunguka hawampi ruhusa ya kuomboleza waziwazi. Sisi tunamnyima ruhusa hiyo kwa swali moja tu.

Jirani yangu mmoja alifiwa na mumewe kwenye ajali ya bodaboda. Sura za waliompa mkono siku ile hazikumbuki, ila anamkumbuka kila mtu aliyetaka kujua marehemu alikuwa anatoka wapi usiku ule. Kwa miezi kadhaa aliacha kulitaja jina la mumewe mbele za watu, maana kila akilitaja ilibidi aanze kumtetea. Watoto nao wakajifunza kunyamaza. Hebu fikiria, mwenzangu: baba kazikwa, na jina lake nalo likazikwa.

TULISHAPITA HUKU

Wanaokumbuka miaka ya 90 wanajua jinsi waliokufa kwa UKIMWI walivyozikwa kwa minong'ono. Mwaka 1990 wanawake wa hapa Moshi walianzisha KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro cha kupambana na UKIMWI, wakawa wanawafuata wagonjwa majumbani. Mgonjwa anayehitaji kugeuzwa kitandani, swali la aliupatia wapi linamsaidia nini?

Jirani zetu Uganda, kina mama wa chama cha NACWOLA waliokuwa wakiishi na virusi waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, ndugu ni kina nani, mtoto alizaliwaje. Kwa hiyo mtoto alibaki na mama yake, siyo na ugonjwa uliomuua. Hapo kuna somo kwa kila anayekwenda msibani.

SASA UFANYE NINI?

- Sema pole, kisha kaa. Huna haja ya hotuba. Na usimwambie "jikaze", amejikaza vya kutosha.

- Usiulize alikufaje. Mfiwa akitaka atasimulia mwenyewe, na akirudia mara ya kumi, sikiliza kama ndiyo ya kwanza.

- Uliza alivyoishi. Mtaje marehemu kwa jina. Alipenda kupika nini? Alikuwa anachekesha vipi? Utashangaa mfiwa anavyofunguka.

- Kuna mpelelezi kakaa jirani? Mkatize kwa heshima: "Shangazi, hayo tuyaache, leo tumekuja kumpa pole."

- Rudi turubai likishafunguliwa. Wiki ya pili ndugu wamerudi Dar na nyumba imekuwa kimya. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10, na siku hizo ni ndefu. Pitia na kilo ya sukari, mpeleke mtoto shule, kaeni mpige stori.

- Mfiwa akiwa halali, hali, au anasema hataki tena kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali akaonane na mtaalamu. Siyo aibu wala siyo udhaifu wa imani.

Na ukikutana na mtu anayeuliza wale 20 wa Majengo walifuata nini uwanjani, mjibu hivi: watu huenda kwenye maombi kutafuta afya, kazi, mtoto, au amani ya nyumba. Ni hayo hayo tunayoyatafuta mimi na wewe kila tunapoamka.