Dynamo BBC: Timu ya Burundi Iliyotolewa BAL Bila Kuchapwa Hata Mechi Moja

Kama uko Kitale ama Bungoma na unapenda basketiboli, hii story ya majirani wetu inakuhusu. Maboyz wa Bujumbura walisota mpaka wakaingia ligi kubwa ya kulipwa Afrika. Wakashinda mechi ya kwanza. Siku tatu baadaye walikuwa nje, na si ati walichapwa. Ilikuwa maneno mawili tu kwa jezi.

BAL ni nini?

Basketball Africa League ilianza 2021, Kigali. Inaendeshwa na NBA pamoja na FIBA, wale wasimamizi wa basketiboli duniani. Timu 12 pekee ndizo huingia. Mabingwa wa nchi chache hupewa nafasi moja kwa moja, wengine lazima wapite mchujo. Dynamo walipita wao Johannesburg, Novemba 2023, wakawa timu ya kwanza ya Burundi kufika huko.

Shida ya jezi

Rwanda ni mdhamini wa BAL, so jezi za timu huandikwa "Visit Rwanda". Kama we ni fan wa Arsenal unaijua vizuri, ju ilianza kukaa kwa mkono wa jezi yao 2018.

Sasa cheki hii. Desemba 2023, waasi wa RED-Tabara walishambulia Vugizo, karibu na mpaka wa Congo. Serikali ya Burundi ilisema watu 20 waliuawa, na ikasema Rwanda ndiyo husaidia hao waasi. Rwanda ikakana. Januari 11, 2024, Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda.

Msee wa Bungoma anajua Lwakhakha, wa Kitale anajua Suam. Hebu fikiria uamke upate huwezi vuka kwenda Uganda ju wakubwa wamekosana. Ndio hivyo ilikuwa, na Dynamo walikuwa wanajiandaa kuvaa jina la nchi hiyo kifuani.

Siku nne za Pretoria

Machi 9, 2024, ndani ya SunBet Arena, Dynamo walifunika yale maandishi na tepu. Wakaingia, wakapiga Cape Town Tigers 86–73. Burundi ikashangilia.

Machi 10 walifaa kucheza na FUS Rabat ya Moroko. BAL ikasema jezi ivaliwe vile iko, bila tepu. Dynamo wakakataa, mechi ikapewa Rabat.

Machi 12 ilikuwa zamu ya Petro de Luanda ya Angola. Mambo ni yale yale. Na sheria haibembelezi: ukikosa mechi mbili namna hiyo, unatolewa. Hata ule ushindi wa kwanza ukafutwa.

Nani alikuwa sawa?

Si rahisi. BAL wako na point: mdhamini ndiye huleta doo, na ukiruhusu timu moja kubandika tepu, kesho nyingine itataka yake. Burundi pia, si rahisi kutangaza utalii wa nchi umeifungia mpaka. Lakini beef ilikuwa ya serikali mbili, na waliorudi nyumbani na mabegi ni wachezaji. Kinachouma zaidi ni kwamba ile tepu ilikuwa imefanya kazi Machi 9. Watu walicheza, watu wakafurahia, hakuna aliyeumia.

We inakuhusu aje?

Mwaka 2025, Nairobi City Thunder wakawa timu ya kwanza ya Kenya kuingia BAL, na mechi zao zilikuwa Kigali. So njia iko wazi, hata kama we bado unarusha mpira kwa kiwanja cha shule na ringi haina neti.

Lakini siku timu ya kulipwa itakuita, usicheki mshahara pekee. Uliza nani anadhamini. Uliza nani anaongea kwa niaba ya wachezaji wakubwa wakikosana. Uliza pesa yako inaenda wapi mkitolewa katikati ya msimu. Soma hayo yote kabla ya kutia sahihi, ju ukishavaa jezi, umevaa na siasa zake.

Pale kiwanjani, Dynamo hawakuchapwa hata mechi moja. Na bado kwa rekodi za BAL 2024, hawana hata ushindi mmoja.